Walipokataza Jina la Daudi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani, nyumbani waliniita Bi Kwa Nini, na usidhani waliniita hivyo kwa mapenzi. Niliuliza kwa nini kuku hakojoi. Niliuliza kwa nini Padre hana mke ilhali ana nyumba kubwa. Niliuliza kwa nini babu zetu walikuja kujenga huku juu kwenye uwanda wakati maji yako kule bondeni, na swali hilo hata leo sijapata mtu mzima wa kunijibu. Wanacheka tu, kisha wanachukua madumu yao wanashuka.

Aliyenivumilia ni Bibi, mama yake mama. Bibi alikuwa Mwislamu siku ya Ijumaa na Mmakonde siku zilizobaki. Mama na mdogo wake Anna walibatizwa walipoolewa, na hakuna aliyeona ajabu, maana kwetu Newala sufuria ileile ilipika pilau ya Idi na ya Krismasi. Tuliishi uwanja mmoja: Bibi, mama, mimi, mama mdogo Anna na mwanawe Daudi, ambaye nilimzidi mwaka mmoja na ubishi kidogo. Kwa kuwa Daudi ndiye mtoto wake pekee, kijiji kizima kilimwita mama mdogo Mama Daudi. Nadhani wengi hawakuwahi kulijua jina lake jingine.

Bibi alijibu kila swali nililomletea, na majibu yake mengi yaliniondolea usingizi. Kwake ndiko nilikojifunza habari za ndondocha. Mchawi, alisema, humchukua mtu akiwa hai akawaachia ndugu zake hewa tupu. Yule mtu hafi. Anafichwa, anakatwa ulimi asiseme, anakuwa wa kulima shamba la mchawi usiku na kulala darini mchana.

"Sasa mama yake akimwita je?" nikamuuliza.

"Ndiyo hatari yenyewe hiyo. Ukimtaja atasikia, na akisikia atageuka. Akigeuka, aliyemficha anajua huyu bado anakumbuka kwao, ndipo anamkata ulimi. Aliyechukuliwa hatajwi, Tekla. Ukimpenda ntoto, unamnyamazia."

Alisema "ntoto" kama wanavyosema wazee wote wa kwetu. Nililipokea jambo hilo bila wasiwasi, kama nilivyopokea kwamba mbaazi hupandwa pamoja na mahindi. Halikunihusu. Watu waliochukuliwa walikuwa wa vijiji vingine siku zote.

Msimu mmoja wa korosho likatuhusu.

Msimu wa korosho kwetu ni msimu wa wageni. Wanapanda kutoka chini, wengine kutafuta vibarua vya kuokota, wengine na magunia matupu kununua kimyakimya kwa bei ya kulangua, wale tunaowaita kangomba. Mashamba yananukia mabibo yaliyoiva, nyuki wamejaa, watoto wana madoa ya utomvu kwenye nguo ambayo hayatoki mpaka nguo ife. Asubuhi ile mimi nilishuka bondeni na akina mama kuchota maji, maana nilikuwa msichana na kichwa changu kilishaanza kufundishwa kubeba. Daudi alibaki akiokota korosho nyuma ya nyumba. Tuliporudi, jua likiwa kali, kikapu chake kilikuwa kimejaa nusu na yeye hayupo.

Walimtafuta mashambani, wakamtafuta kwenye njia za bondeni, wakamtafuta kwa kila rafiki yake. Jioni mtu mmoja akarudi na kandambili yake moja, ya bluu, mkanda umekatika. Aliiokota chini ya mkwaju wa makaburini, mahali ambapo sisi watoto tulipita mbio hata saa sita mchana. Mama mdogo alipoiona alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Bibi aliichukua ile kandambili, akaigeuza, akaitazama soli yake muda mrefu.

Wazee wakamwita mganga. Akamwaga unga wa mtama chini ya ule mkwaju, akaufinyanga ukasimama kama kichuguu, akaufunika na kuuacha ulale hapo. Asubuhi walipoufunua ulikuwa umebomoka upande mmoja. Nilikuwa nimejipenyeza katikati ya miguu ya watu wazima nione, na mimi niliona unga uliobomoka tu, lakini wao waliona zaidi. Daudi amechukuliwa. Yu hai, analimishwa. Mtu yeyote asimtaje.

Tangu hapo yakaanza mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nayashangaa. Kijiji kizima kilijifunza kuzungumza kwa kuzunguka. Daudi akawa "yule". Nguo za yule zikafungwa ndani ya kanga. Sahani ya yule ikageuzwa kifudifudi. Na mama mdogo? Watu waliozoea kumwita Mama Daudi walifika uwanjani kwetu wakafungua mdomo, wakakwama. Wengine walimwita "mama wewe". Wengine "dada". Wengi waliona heri wasimwite kabisa. Walimsalimu Bibi, wakamsalimu mama, wakampita yeye pembeni ya jiko kama wanavyoupita mlango uliofungwa. Alikuwa amenyang'anywa mtoto, na sisi tuliompenda tukamnyang'anya na jina.

Mimi Bi Kwa Nini nilitaka kujua tu. Je, mtu akilitaja kwa kunong'ona ni sawa na kulitaja kwa sauti? Nyuma ya nyumba tulikuwa na tangi la saruji la kukingia mvua, msimu ule likiwa tupu. Niliingiza kichwa katika tundu lake nikasema, "Daudi." Tangi likaitikia kwa sauti nene kuliko yangu. Jogoo akaruka nyuma yangu, nikakimbia mpaka kwa jirani, na jioni nilijichunguza ulimi kwenye kioo cha mama. Ulikuwapo.

Utauliza Wakristo walikuwa wapi. Walikuwapo, na walinyamaza pamoja na wengine. Kigango chetu, kanisa dogo la kijiji, kilikuwa na Padre mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine tuliongozwa na Katekista Kandida, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kufukuza ngedere shambani. Hakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuwa mama wa fulani. Watu wote walimwita Katekista, hata mume wake. Jumapili ya kwanza baada ya Daudi kupotea alituombesha kwa ajili ya "mtoto wetu yule, Bwana unamjua". Tukaitika. Baadaye, nilipokuwa mkubwa, aliniambia kwamba sala ile ilimkaa kooni wiki nzima kama mfupa wa samaki.

"Nilijisikia ninamwomba Mungu huku nimemfichia mtu ninayemwombea," alisema. "Na niliogopa, Tekla. Usidhani sikuogopa. Mimi pia nimezaliwa hapahapa."

Wiki iliyofuata, asubuhi, tulikuwa uwanjani. Bibi na mama walikuwa wanatwanga muhogo, mchi huu ukipanda ule ukishuka. Mama mdogo alikuwa ndani, kama siku zote hizo. Mara tukasikia ile sauti kutoka njiani.

"Hodi! Hodi hapa, Mama Daudi!"

Mchi wa Bibi ulibaki juu. Nilimtazama nikamwona usoni jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake kabla: Bibi alikuwa na hofu.

"Katekista, unamuua ntoto," akasema.

"Shikamoo, Bibi."

"Sitaki shikamoo yako."

Kwetu hilo ni neno kubwa. Shikamoo haikataliwi hata kwa adui. Katekista alisimama, vidole vyake vikishikashika pindo la kanga. Lakini hakuondoka, wala hakuingia. Aliinua sauti tena kuelekea mlangoni.

"Mama Daudi!"

Halafu kutoka ndani, sauti iliyokauka: "Abee."

Mama mdogo akatoka. Nywele hazikusukwa, kanga imefungwa ovyo, macho yamevimba. Akaja mpaka mbele ya Katekista na kumshika mikono yote miwili. "Niite tena," akasema. "Katekista, niite tena."

Bibi aliweka mchi chini, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango. Alipopita karibu yangu nilimsikia akisema, "Nnungu wangu, mimi simo." Nnungu ndiye Mungu kwa Chimakonde, na Bibi alimwita hivyo pale tu Kiswahili kilipokuwa hakimtoshi.

Katekista hakungoja Jumapili. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Aliigonga mchana ule mpaka watu wakaja mbio na ndoo za mchanga wakidhani kuna moto. Waislamu kwa Wakristo walijaa mbele ya kanisa. Katekista akasimama kwenye kizingiti, mama mdogo pembeni yake.

"Daudi, mtoto wa Anna, mwenye kovu la jembe juu ya nyusi ya kushoto, amepotea," alisema. "Nani amemwona Daudi?"

Nakumbuka mama mmoja akiwaziba masikio wanawe wawili, mkono huku na mkono huku. Wengine walitazama chini. Mimi nilitazama angani, nione kama kuna kitakachoshuka. Hakikushuka kitu. Ila fundi baiskeli, Mzee Bakari, aliyekuwa nyuma na ndoo yake ya mchanga, akasema kama mtu anayeuliza njia:

"Daudi? Daudi huyu anayekuja kwangu kuomba mipira ya manati? Mbona nilimwona. Alipita na mjomba wake."

"Mjomba gani?" Katekista akauliza.

"Sikumuuliza. Mtu akipita na mpwa wake utamuuliza nini?"

Hapa inabidi nieleze, kwa ajili ya wasio wa kwetu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba akisema hapana na mjomba akisema ndiyo, imekuwa ndiyo. Tulifundishwa tangu kunyonya: mjomba akikuita, nenda, akikutuma, usikunje uso. Na wajomba ni wengi, wa tumbo moja na wa ukoo, wamesambaa kutoka huku juu mpaka Masasi na mbele yake, hakuna mtoto anayewajua wote. Mwanamume akimshika mtoto mkono na mtoto akamwita mjomba, barabara nzima inawapisha. Yule mtu aliyemchukua Daudi alitujua vizuri. Hakuhitaji gunia wala dawa.

Siku ya msako hakuna aliyefika kwenye kibanda cha Mzee Bakari; baadaye alisikia tu kwamba kuna mtoto kachukuliwa na wachawi. Hakuuliza ni nani, maana hairuhusiwi kuuliza, na hakuna aliyemwambia, maana hairuhusiwi kusema. Aliyeondoka na mjomba wake mchana kweupe hakumhesabu kuwa amepotea. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kibanda chake cha baiskeli siku zote zile, kati ya pampu na gundi, likingoja mtu alitaje jina la swali.

Mama na mama mdogo walikuwa na kaka mmoja tu, na siku ile Daudi alipotea kila mtu alijua yuko kitandani na malaria. Basi yule hakuwa yeye. Mzee Bakari akakumbuka mengine: mwanamume wa makamo, baiskeli yenye gunia la korosho, kwamba aliomba upepo wa gurudumu la nyuma na kusema wanashuka Masasi.

Polisi mjini Newala waliandika maelezo, wakauliza: mbona mmechelewa? Katekista akapanda gari kwenda Masasi. Alianza na makatekista aliowafahamu, wa Lisekese na vijiji vya jirani, akamwomba kila mmoja awapelekee wenzake habari, mpaka wale wa Nanganga kwenye barabara kuu. Wote aliwaambia maneno yaleyale: msiombe kwa ajili ya mtoto fulani, tajeni jina, tajeni jina la mama, tajeni kovu. Mzee Bakari naye akaenda kwa maalim wa msikiti wetu, na Ijumaa jina la Daudi likatajwa baada ya swala. Maalim alisema hakuona aya inayomkataza. Nasikia wapo waliotoka nje kabla hajamaliza.

Bibi hakugombana na mtu. Alikula peke yake, ameugeuzia uwanja mgongo. Nilipompelekea maji alinishika kiganja akaniuliza kama nami nimemtaja. Nikasema ndiyo. Akaniachia mkono taratibu, bila hasira, akawa anayatazama yale maji.

Yaliyotokea Nanganga nilisimuliwa na mwenyewe aliyeyafanya, Mama Regina, muuza maandazi wa barabarani. Jumapili alikuwa kanisani akalisikia tangazo. Kesho yake akaja mvulana mmoja, mnunuzi wake, ambaye aliletwa karibuni kwenye shamba la mtu mmoja nje ya kijiji kuokota korosho na kuchunga mbuzi. Mtoto mkimya. Aliitwa Kasimu. Juu ya nyusi alikuwa na kovu, lakini watoto wa mashambani wote wana makovu, na Mama Regina aliogopa kumsingizia mtu. Akampa maandazi yake. Mtoto alipokwisha kumpa mgongo na kwenda hatua chache, akaita, si kwa nguvu:

"Daudi."

Hakugeuka upesi. Kwanza alisimama. Halafu akageuka polepole, kama mtu aliyesikia wanamwita mwenzake.

Kwa hiyo Bibi alisema kweli. Ukimtaja atasikia, na akisikia atageuka. Kwa upande huo sijawahi kusikia onyo lililotimia neno kwa neno kama lile.

Mama Regina alimwambia arudi kama kawaida, asikimbie, asimwambie mtu. Kisha akafunga biashara, akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti na wanaume wa kanisani wakaenda na polisi. Yule "mjomba" alikamatwa. Alihukumiwa vipi sijui vizuri. Watu wazima hawakutuambia, na kwa mara moja maishani mwangu sikuuliza.

Daudi alirudi na gari la mchana akiwa amekaa kati ya Mama Regina na Katekista. Uwanja ulijaa mpaka nyuma ya jikoni. Mama mdogo alimkumbatia hata nikadhani atamvunja. Ndipo mlango wa Bibi ukafunguka. Watu wakampisha. Bibi akaja akasimama mbele ya mjukuu wake.

"Toa ulimi," akasema.

Daudi akautoa, mrefu, mwekundu, wenye unga wa maandazi. Bibi akaushika kwa vidole viwili, akauvuta kidogo ahakikishe umeota palepale. Kisha akaanza kulia, na sisi tukaanza kucheka, na tulicheka na kulia vyote pamoja mpaka mbwa wakabweka.

Ulimi ulikuwapo, lakini maneno yalikuja kwa shida. Nilikaa naye kwenye jamvi la kuanikia korosho kila mchana, nikamwuliza kidogokidogo; hata mimi nilijua ya kwamba si wakati wa kumwaga maswali yote. Alisema yule mtu alimwambia kwamba mama yake ameanguka njiani, mjomba ametumwa kumchukua. Alisema kandambili ilikatika walipopita makaburini kukata njia, akaambiwa aiache. Halafu siku moja, akiwa anabangua korosho bila kuniangalia, akasema:

"Kulikuwa na mwenzangu."

"Nani?"

"Issa."

Issa alitangulia kufika pale. Naye alibadilishwa jina. Walikuwa wakiokota korosho safu moja, na kila walipokuwa mbali na yule mtu waliitana kwa siri, yeye akisema Daudi, huyu akisema Issa, wasije wakasahau. Siku chache kabla polisi hawajafika, Issa alipelekwa kwingine. Daudi hakujua wapi.

Nilikimbia kumwita Katekista. Akaja, akachuchumaa mbele ya Daudi, akamwuliza kwa upole kwao Issa ni wapi. Daudi akafikiri. "Kwao maji yako mbali," akasema. Uwanda wote wa Makonde maji yako mbali. Mama yake anaitwa nani? "Mama Hasani." Hasani alikuwa kaka yake mkubwa, na mwanamke aliyemzaa Hasani kwanza huitwa hivyo mpaka kufa, na wako wangapi? Mtoto alijua jina tunalomwitia mama yake, ila jina la mama yake hakulijua. Kama yangenikuta mimi, ningesema "Mama Tekla", na ningepotea vilevile.

Issa akaongezwa kwenye maombi yetu, Jumapili kanisani na Ijumaa msikitini. Katekista aliyabeba tena yale maneno mpaka kwa wenzake wa chini. Hakuna aliyejitokeza. Sisi tulijua kwa nini. Mahali fulani kwenye uwanda huu nyumba moja ilikuwa imegeuza sahani kifudifudi na kumnyamazia mtoto wake kwa upendo wote.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha alipokuja. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tunajiandaa kwenda kanisani. Mwanamke mwenye ushungi, miguu imejaa matope ya njia ndefu, alisimama mwanzo wa uwanja wetu, na kwa kuwa Bibi ndiye aliyekuwa nje, akamwamkia Bibi.

"Marahaba," Bibi akaitika. "Karibu."

"Nimeambiwa kuna mahali huku wanamtaja mtoto wangu," yule mwanamke akasema. "Issa. Kwetu wamenikataza. Hata baba yake hasemi. Wakati mwingine najiuliza kama nilimzaa kweli. Nimekuja kusikia tu, nirudi."

Bibi alichukua kata, akachota maji ya mvua kutoka kwenye lile tangi la nyuma, akaja akamwosha miguu. Nilishangaa, maana mgeni hupewa maji akanawa mwenyewe. Kisha akavaa kanga yake ya Ijumaa, akamshika mkono, akafuatana naye mpaka kanisani, mahali ambapo Bibi hakuwahi kuingia hata siku ya ubatizo wangu.

Katekista alimwuliza mgeni kwa sauti ndogo: "Wazazi wako walikupa jina gani?"

"Zainabu."

Wakati wa maombi ulipofika Katekista alisema, "Tumwombee Issa, mtoto wa Zainabu." Tukaitika. Zainabu alikuwa benchi la nyuma, ushungi umefunika uso.

"Rudieni," akasema.

Katekista akarudia.

"Rudieni tena."

Tulirudia mpaka alipotosheka. Watoto walikuwa wameacha kuchezea miguu. Ndipo Bibi, aliyekuwa amebaki kusimama mlangoni, akasema, "Na mimi ninaye wangu."

Mama aligeuka. Mama mdogo aligeuka. Hakuna hata mmoja wao aliyejua. Bibi alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyetoka kuteka maji wakati Bibi ni mtoto wa rika langu, asirudi. Unga ulimwagwa, jina likakatazwa. Mama yake Bibi alilala nalo kifuani mpaka kaburini, na Bibi akawa analilinda peke yake, mwanamke mzee anayelinda ulimi wa mdogo wake ambaye kama aliishi basi alikuwa babu wa watu. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Chilumba," akasema.

"Tumwombee Chilumba," Katekista akasema, na sauti yake ile ya kufukuza ngedere ilikuwa imelainika kabisa.

Miaka imepita mingi. Daudi ni fundi pikipiki Masasi, mnene, mwenye kelele, na wanawe wananiita shangazi na kuniuliza maswali ya kijinga ninayoyapenda. Katekista Kandida amelala makaburini kwetu, si mbali na ule mkwaju. Nimerithi maombi yake na darasa lake la watoto. Somo langu la kwanza kwao si Adamu wala Nuhu. Kila mtoto aniambie jina la mama yake alilopewa na wazazi wake, na kijiji, na aniambie mbele ya wenzake mpaka wote walijue. Na mjomba yeyote, hata akiwa mjomba kweli, anangoja mtoto aage nyumbani kwanza. Wazee wengine walinuna. Wakazoea.

Hofu haijaisha. Siku hizi inakuja kwa simu, gari jeupe limeonekana, watoto wamebebwa, na juzijuzi nusura vijana wampige mchuuzi wa vyombo kwa sababu tu hakuna aliyemjua. Tulimweka ndani ya kanisa mpaka mwenyekiti alipofika. Nikiulizwa kama ndondocha wapo, nasema sijui; mambo ya usiku ya watu siyajui yote. Ninachojua ni kwamba yule mtu wa baiskeli hakuwa na uchawi wowote, na kimya chetu kilimfanyia kazi kuliko uchawi. Wala simcheki Bibi. Alitupenda kwa njia aliyofundishwa, na siku alipoona njia nyingine aliifuata akiwa mzee, ambalo si jambo dogo.

Issa hajapatikana. Zainabu huja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Mwislamu safi, ana mahali pake benchi la nyuma na hakuna mwingine anayepakalia. Mwaka jana nilishikwa na mafua, nikafika kwenye maombi sauti ikakatika kabisa. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikasikia benchi la nyuma likilia kwa mtu kuinuka.

"Issa," Zainabu akasema, kwa sauti iliyofika mpaka altareni. "Mtoto wangu."

Na kanisa zima likamwitikia.